Kwenda Ng'ambo Kupasuliwa kwa Ajili ya Unene

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Mikese)



Wasafiri wa barabara ya Dar es Salaam na Morogoro wamelijua jina la Mikese kwa mizani. Lori liliposimamishwa hapo lilipimwa, na dereva aliyezidisha shehena hakuweza kujitetea kwa kusema kwamba gari lake laonekana jepesi. Binadamu hana mizani ya barabarani. Aghalabu hujua kwamba mwili umezidiwa siku magoti yanapokataa ngazi, ama siku anapoambiwa kuwa sukari imepanda, ama pale mwenzi wake anapomweleza kwamba usiku huacha kupumua kwa kitambo, kisha hushtuka kama mtu aliyeopolewa majini.

Hapo ndipo siku hizi huanza mazungumzo ya kwenda ng'ambo. Katika simu za walimu hupita picha za watu kabla na baada ya kupasuliwa, pamoja na majina ya miji ya India na Uturuki, na bei iliyokwisha kujumlisha hoteli. Wapo waliokwenda wakarudi wazima na wenye furaha, na hao hawastahili kubezwa. Lakini wapo pia waliorudi na kidonda kisichofunga, na wengine wakarudishwa ndani ya jeneza. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilitangaza mwaka 2023 kwamba lilibaini Waingereza saba waliofariki baada ya kusafiri kwenda Uturuki kupasuliwa kwa ajili ya unene. Uingereza ni nchi yenye hospitali karibu kila mji. Mwenye kurudi Mikese baada ya upasuaji kama huo anayo sababu kubwa zaidi ya kuchagua kwa makini.

Kwanza aibu na iwekwe kando. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016, wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walionekana kuwa na uzito uliozidi au unene. Jambo la watu wengi kiasi hicho haliwezi kuelezwa kwa neno uvivu. Kwa miaka mingi kitambi kilichorwa katika vibonzo kama alama ya mnyonyaji, na huku mitaani unene wa mke ukahesabiwa kuwa ushahidi wa mume mwema. Kati ya dhihaka hiyo na sifa hiyo mgonjwa hakupata nafasi ya kuitwa mgonjwa. Utaalamu wa leo wasema kwamba mwili ukishanenepa sana huutetea uzito wake: mtu akijinyima chakula, njaa huongezeka na mwili hupunguza matumizi yake, hata kilo zilizoondoka kwa taabu ya miezi sita hurudi. Kwa watu wa namna hiyo upasuaji ni tiba. Huko Sweden ulianzishwa mwaka 1987 utafiti wa kuwafuatilia waliopasuliwa na wenzao wasiopasuliwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopasuliwa walikufa wachache zaidi.

Lakini si kila mnene anastahili kisu. Hesabu yenyewe mwalimu yeyote aiweza: kilo zigawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Na ichukuliwe mfano wa mwalimu wa kike, wa kutungwa tu, mwenye kilo 118 na urefu wa mita 1.60. Jibu lake ni 46. Kwa kipimo kilichowekwa Marekani mwaka 1991, upasuaji ulikuwa wa mtu aliyefika 40, ama 35 ikiwa anao pia ugonjwa kama kisukari au shinikizo la damu. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa fani hiyo vilishusha mpaka huo: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari ama maradhi yanayofanana nacho. Mwalimu wa mfano huu anastahili. Jirani yake mwenye urefu huo huo na kilo 74 ana 28.9, huyo hastahili, na hospitali yoyote ya ng'ambo itakayomwambia, "Njoo, nafasi ipo," imekwisha kumpa sababu ya kutosha ya kuikimbia.

Yafaa vilevile majina yasichanganywe, maana wenye kutangaza biashara huyachanganya kwa makusudi. Puto huingizwa tumboni kwa mpira kupitia mdomoni, bila kisu, likakaa kwa kawaida miezi sita kisha likatolewa. Kunyonya mafuta chini ya ngozi ni kazi ya urembo. Hakuponyi kisukari wala hakuhesabiwi kuwa tiba ya unene, nako kuna hatari zake: mwezi Oktoba 2024 mwanamke mmoja jijini Nairobi alifariki siku chache baada ya kufanyiwa hivyo katika kliniki ya urembo, na wakaguzi wakaifunga kliniki hiyo. Kisha kuna sindano za tumboni. Mapema mwaka 2023 makumi ya watu, wengi wao wakiwa Uturuki na Ujerumani, walipatwa na ugonjwa wa kupooza unaosababishwa na sumu ya botulini, baada ya kudungwa sindano hizo huko Istanbul na Izmir ili wapungue. Upasuaji wenyewe hasa ni wa aina mbili. Katika ya kwanza mpasuaji hukata na kuondoa kama robo tatu ya tumbo la chakula au zaidi kidogo, akaacha mfereji mwembamba, kilichokatwa hakirudishwi. Katika ya pili hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo wa mbele, hata chakula kikaruka sehemu ya njia yake ya kawaida. Hii ya pili huwafaa zaidi wenye kiungulia kikali na wengi wa wenye kisukari. Ni jambo la kustaajabisha kwamba mtu aweza kulipia safari nzima bila ya kuambiwa ni ipi kati ya hizo mbili atakayofanyiwa.

Sababu ni wakala. Wakala si daktari, wala mara nyingi si mtu wa hospitali. Hulipwa fungu kwa kila kichwa anachokifikisha. Mwalimu akimpigia simu atasikia sauti ya upole: "Dada, bei hii ni ya juma hili tu. Utafikia hoteli nzuri, na gari litakupokea uwanjani." Akiuliza, "Kaka, nani atakayenipasua?" huambiwa, "Usiwe na wasiwasi dada, ni profesa." Jina la profesa halitajwi. Wakala huomba picha ya mwili na malipo ya kushika nafasi. Haombi vipimo vya damu, wala orodha ya dawa, wala haulizi kama mgonjwa aliwahi kupata tatizo wakati wa kupewa nusukaputi. Mtu anayeuza kitanda cha hoteli ataonyesha picha ya kitanda. Chumba cha wagonjwa mahututi hakipendezi katika picha, lakini ndicho cha kuuliziwa habari zake.

Basi hatua ya kwanza ni kulipata jina kamili la mpasuaji na kulitafuta katika daftari la madaktari la nchi yake. India inayo Tume ya Taifa ya Udaktari, iliyochukua kazi ya baraza la zamani mwaka 2020, na daftari lake laweza kusomwa na mtu yeyote kwa mtandao. Afrika ya Kusini na Uingereza nazo zina madaftari yao ya wazi. Nchini Uturuki hospitali inayopokea wagonjwa wa kigeni hutakiwa kuwa na cheti cha idhini cha Wizara ya Afya ya huko. Zipo pia taasisi zinazokagua hospitali, kama ile ya Marekani iitwayo Joint Commission International, na ile ya India ijulikanayo kwa herufi NABH. Alama ya taasisi hizo isisadikiwe kwa kuonekana ukutani au katika tangazo. Hospitali itafutwe katika orodha ya taasisi yenyewe. Na hata ikipatikana humo, ikumbukwe kwamba kilichokaguliwa ni hospitali. Mkono wa mpasuaji haukukaguliwa.

Mkono huo hupimwa kwa maswali. Je, yeye mwenyewe hufanya upasuaji wa aina hii mara ngapi kwa mwaka? Mtu afanyaye mara kumi na mtu afanyaye mara mia mbili hawafanani, na palipo na mazoezi mengi kwa kawaida madhara hupungua. Je, ni yeye atakayeshika kisu, ama atasimama pembeni wakati mwanafunzi wake akijifunza? Wangapi kati ya wagonjwa wake mshono wao ulivuja, na wangapi walirudishwa mezani? Mpasuaji mwema ana idadi hiyo na huitaja bila hasira, kwa kuwa hakuna mpasuaji wa kweli asiyewahi kupata tatizo. Katika hospitali zenye uzoefu kifo chatokea kwa mgonjwa mmoja hivi kati ya elfu, na kuvuja kwa mshono ni kwa wachache katika mia. Anayesema kwamba kwake halijatokea lolote aidha hajafanya kazi ya kutosha, ama hawafuatilii wagonjwa wake baada ya kuwaaga, na hilo la pili ndilo baya zaidi.

Halafu kuna dalili ambayo haihitaji utaalamu wowote kuitambua. Hospitali njema humchelewesha mgonjwa. Humtaka azungumze na mpasuaji kabla ya kulipa, humwuliza habari za kukoroma na usingizi, humpima sukari na moyo, hutazama tumbo kwa mpira wenye kamera, humtaka aache sigara, humkutanisha na mtaalamu wa lishe, na humwuliza kwa nini anataka kupungua na nani atakayemsaidia nyumbani. Hospitali mbaya humharakisha: ashuke katika ndege Jumatatu, apasuliwe Jumanne, apande ndege Ijumaa.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo matangazo yote hulipita, nalo ndilo lipaswalo kuamua uchaguzi mzima. Upasuaji huu hauishi siku ya kushonwa. Mshono waweza kuvuja katika siku za mwanzo, ama juma moja au mawili baadaye, wakati mgonjwa amekwisha kufika nyumbani na majirani wamekwisha kuja kumtazama. Na ifikiriwe siku ya tisa, saa nane za usiku, hapa Mikese. Moyo waenda mbio, homa imepanda, tumbo lauma, na bega la kushoto nalo lauma bila sababu inayoonekana. Kutoka hapa hadi Morogoro mjini ni kama kilomita thelathini. Hadi Dar es Salaam ni safari ya saa kadhaa nyuma ya malori. Daktari wa zamu atakayempokea huenda hajapata kumwona mtu aliyekatwa tumbo namna hiyo, na mgonjwa mwenyewe aweza kuwa ameshika karatasi moja tu, iliyoandikwa kwa Kituruki. Daktari yule atafikiri ni malaria, au vidonda vya tumbo. Si kosa lake. Hakuambiwa.

Kwa hiyo mgonjwa asiondoke ng'ambo bila ripoti kamili ya upasuaji kwa Kiingereza, yenye kueleza kilichokatwa na kilichounganishwa, pamoja na majibu ya vipimo na namba ya simu ambayo mpasuaji mwenyewe huipokea. Akae karibu na hospitali hiyo siku za kutosha, juma moja hadi mawili, mpaka aruhusiwe na mpasuaji. Si mpaka tarehe ya tiketi. Ndani ya ndege asimame na kutembea, anywe maji kidogo kidogo, na aulize mapema habari za dawa ya kuzuia damu isigande miguuni, kwa sababu upasuaji, unene na kukaa kitako saa sita au saba vyote vitatu huigandisha damu, na donge likipanda mapafuni huua.

Yapo na mengine yanayomfuata kwa miezi na miaka. Mwenye kisukari aliyekuwa akijidunga insulini, akirudi na kuendelea na kipimo kile kile huku chakula chake kimekuwa vijiko vichache, sukari yaweza kushuka hata akazimia darasani. Vidonge vya shinikizo la damu navyo hutakiwa kupimwa upya. Dawa ya maumivu kama diklofenaki, inayonunuliwa dukani kama peremende, yaweza kumtoboa vidonda aliyefanyiwa upasuaji wa aina ya pili. Vitamini B12, madini ya chuma na nyinginezo hana budi kuzitumia na kupimwa damu maisha yake yote. Na akitapika mfululizo kwa majuma, ukosefu wa vitamini B1 waweza kumharibu ubongo kwa muda mfupi. Wanawake nao yawapasa kujua kwamba kupungua hurudisha uwezo wa kushika mimba kwa wengi waliodhani wameukosa, huku vidonge vya kuzuia mimba vikiweza kutofanya kazi vizuri kama zamani. Na mimba yapasa kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Ni mara chache wakala kuyasema haya. Waingereza katika mwongozo wao wa matibabu wamepanga kwamba aliyepasuliwa afuatiliwe na kituo cha upasuaji kwa muda usiopungua miaka miwili. Anayelipia siku tano amenunua sehemu ndogo sana ya tiba.

Kutokana na hayo, mpasuaji wa ng'ambo huchaguliwa baada ya kumpata daktari wa nyumbani, wala si kabla. Mgonjwa amtafute kwanza daktari wa Tanzania atakayekubali kwa kauli iliyo wazi kwamba atampokea akirudi, kisha jina la daktari huyo apewe mpasuaji, ili wawili hao waandikiane kabla ya safari. Mpasuaji atakayekataa kuandikiana na mwenzake amekwisha kujieleza.

Na katika kumtafuta daktari huyo wa nyumbani mtu aweza kugundua kwamba safari yenyewe haina lazima. Ukitoka Mikese kwenda uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, barabara hupita Kibamba, na karibu na hapo ipo Mloganzila, hospitali iliyofunguliwa rasmi Novemba 2017 na ambayo ni sehemu ya Hospitali ya Taifa Muhimbili. Katika miaka ya karibuni madaktari wa hapo wamekuwa wakiweka puto tumboni, na kwa kushirikiana na wataalamu wa kutoka India wameanza upasuaji wa kupunguza uzito. Wapo watakaosema kwamba kazi hiyo ni changa huku, na kwamba mpasuaji wa Mumbai au Chennai amekwisha kuifanya mara elfu. Hoja hiyo ina uzito wake. Maswali yale yale ya idadi na ya madhara na yaulizwe Mloganzila pia, bila haya. Ila Mloganzila inayo sifa moja ambayo Chennai haina, nayo ni kwamba siku ya tisa yafikika kwa gari. Ugonjwa wa moyo nao ulikuwa ukiwapeleka Watanzania wengi India, mpaka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilipoanzishwa mwaka 2015 na safari hizo zikapungua.

Fedha zisemwe kwa ufupi. Rufaa ya serikali ya kwenda nje ni kwa ugonjwa usiotibika nchini, kwa hiyo anayejisafirisha hujisafirisha kwa mfuko wake. Mtumishi anayechangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya asiijenge safari juu ya dhana. Aulize, na jibu alipate kwa maandishi. Malipo yafanywe kwa akaunti yenye jina la hospitali, si la mtu. Bajeti iwe na nauli ya mtu wa kumsindikiza, vitamini za miaka, na akiba ya kurudi huko tena mambo yakiharibika. Mkopo wa chama cha kuweka na kukopa uliochukuliwa kwa bei ya wakala peke yake utakwisha kabla ya mgonjwa kupona. Kibali cha mwajiri na likizo ya ugonjwa navyo vishughulikiwe waziwazi: mwalimu anayesafiri kwa siri, akiaga kwamba aenda msibani, hana atakayejua kisa chake akiletwa hospitali hajitambui.

Yule mwalimu wa mfano, mwenye kilo 118, na aachwe afanye kama apasavyo. Ameandika maswali yake katika karatasi na kuyapeleka hospitali tatu, mbili za India na moja ya Uturuki. Ya kwanza imemjibu kwa bei na picha ya bustani. Ya pili imemjibu kwa punguzo la bei. Ya tatu haikutaja fedha. Imemtaka majibu ya sukari ya miezi mitatu, orodha ya dawa anazomeza, na jina la daktari atakayemwangalia akirudi Morogoro. Jina hilo hana bado. Barua ya tatu ameikunja akaitia katika mkoba pamoja na kadi yake ya kliniki ya kisukari, na asubuhi amesimama barabarani Mikese akisubiri basi la kumshusha Kibamba.